UZI: Jumba la mkoloni kule Kabare. Wenyewe wanasema ni la 1928, mimi nimepima na nina shaka

Tofali_Bichi (Bukavu, Nguba), Jumapili, saa 2 usiku

Jambo sana kwenu wote.

Wiki mbili zilizopita familia moja ya hapa mjini iliniita nikawapimie paa la nyumba yao ya shamba, upande wa Kabare. Jina lao sitalitaja, wala kilima. Wenye kupajua watapajua kwa vile vigae vyekundu vinavyoonekana toka mbali. Walichotaka ni hesabu tu: tukivua vigae vyote, manjanja (mabati) mangapi yatatosha kuezeka upya? Kazi ya nusu siku. Nimeshakwenda mara tatu, na mara mbili za mwisho hakuna aliyenilipa.

Nyumba imekaa kileleni, mgongo kwa mlima, uso kwa ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi unakiona chote siku isiyo na ukungu. Unaingia kwa barza (baraza) ndefu ambayo mwisho wake wa kushoto hauna kona: umezungushwa mviringo kama pua ya meli. Na ukutani pale pana madirisha mawili ya duara, ukubwa wa sahani ya bugali ya watu wanne. Ndani sakafu ni sima (saruji) nyekundu, ile iliyosuguliwa kwa nta miaka na miaka, kiasi kwamba hata leo, chini ya mavi ya popo, ukimwaga maji inang'aa. Sebule ina shimine (meko yenye bomba la moshi) ya mawe meusi ya volkeno ambayo mtu mzima akiinama anaingia. Wenzetu wa pwani watacheka, lakini pale juu jioni ya Julai unatafuta koti.

Jiko haliko ndani. Liko nyuma, hatua kumi na nane, nilizihesabu, kupitia njia iliyoezekwa. Nyuma ya jiko kuna boyeri, vyumba vinne vya wafanyakazi, kila kimoja kina mlango mmoja na dirisha la kupitisha kichwa tu. Na kwenye kona ya barza upande wa kulia kuna ofisi ndogo yenye kidirisha cha mbao kinachofunguka nje. Hicho kimenisumbua, nitarudi kwacho.

Sasa swali. Wenyewe wanaapa nyumba ni ya 1928. Ushahidi wao ni jiwe la saruji lililo getini: limeandikwa 1928, tarakimu zinasomeka hata kwa kidole. Juu ya tarakimu palikuwa na herufi, mvua imezila. Tena wanasema ule ufa mkubwa ulionyooka toka chini hadi juu, kati ya sebule na bawa la kulia, uliletwa na tetemeko la 2008, na ndiyo sababu wanataka paa jepesi.

Mimi ni mtoto wa fundi, nimesomea kuchora ramani kidogo. Ile barza ya mviringo imefunikwa dali (bamba) ya zege iliyopinda. Mwaka 1928? Kule juu? Saruji na nondo vilifikaje? Mwenye macho anisaidie kusoma.

Mama_wa_Muhumba, Jumapili, saa 2:40 usiku

Mwanangu, umenirudisha mbali. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Likizo moja, nilikuwa na miaka minane au tisa, alinipandisha mbele tukaenda kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo. Waridi pande zote mbili za njia, na yale maua ya buluu makubwa kama kabichi. Harufu ya kuni za mkaratusi na nta ya sakafu, hadi leo nikiisikia mahali nasimama. Chai tulipewa jikoni, siyo kwenye barza, lakini ilikuwa na maziwa.

Ukitaka kujua jinsi wale watu walivyopenda kujenga makubwa porini, panda hadi Lwiro. IRSAC, ile taasisi ya utafiti, iliundwa 1947, na makao waliyoijengea pale, mtu akiyaona mara ya kwanza hadhani ni mahali pa kupimia mbu na matetemeko, anadhani ni kasri. Leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, na sokwe yatima wanalelewa papo hapo Lwiro. Hata hapa mjini, zile nyumba za mviringo za zamani, wakati Bukavu inaitwa Costermansville, ni ndugu wa hiyo yako.

Vigae msiguse! Nyumba ya vigae kuivalisha manjanja ni kumvalisha Mwami, mfalme wetu, kofia ya plastiki.

Kalinzi, Jumapili, saa 3 usiku

Mama, heshima yako iko palepale. Lakini hiyo chai ya jikoni ndiyo historia yote ya nyumba hiyo. Ungeanzia hapo ukaacha waridi.

Tofali, nakujibu kuhusu mwaka. Watu wanapenda 1928 kwa sababu ni mwaka walioufundishwa shuleni: ndipo ilipoundwa Comité National du Kivu, CNKi, chombo kilichopewa uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi ya huku. Kwa hiyo kila nyumba kuukuu yenye shimine siku hizi "ni ya 1928". Chombo kuundwa ni jambo moja. Mzungu kupanda meli, kufika, kupimiwa kilima, kufyeka, kupanda kahawa na kungoja mti uzae, hayo ni mengine. Miaka ya mwanzo wengi walilala kwenye nyumba za udongo na nyasi kama sisi.

Na hicho kilima hakikuwa kitupu. Bushi, nchi ya Washi, ardhi ni ya Mwami. Mtu anatoa kalinzi, yaani ng'ombe, anapata haki ya kukaa na kulima yeye na wanawe. Mwenye haja ya msimu anachukua bwasa, yaani ardhi ya kuazima, anarudisha. Akaja mtu na karatasi ya CNKi, na mwenye kalinzi akaambiwa ahame au abaki kama mfanyakazi wa shamba lililokuwa lake. Mwami Kabare Rugemaninzi alipowapinga, walimpeleka uhamishoni Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Kamwambie mwenye nyumba afungue kabati, atoe cheti cha kuandikishwa ardhi. Usiamini mawe kabla ya karatasi. (Na karatasi zenyewe za kadastre, ofisi ya kupima ardhi, hiyo ni mada nyingine, tutalia.)

Zege_na_Nondo, Jumapili, saa 3:15 usiku

Hadithi nyingi za nini? Matofali ya zamani yana soko, mbao za zamani zina soko. Bomoeni, jengeni etaji (ghorofa), kilima kina mandhari. Basi.

PapaShantie (Kadutu), Jumatatu, saa 12 asubuhi

Kijana Tofali, salimia baba yako kama ni yule ninamufikiri.

Mie niko fundi tangu 1974. Nimejenga Kadutu, Bagira, Panzi, na manyumba ya wazungu kule Nguba na Muhumba nimetengeneza zaidi ya makumi mawili. Sikiliza vizuri. Tetemeko iko na mwandiko yake. Ufa ya tetemeko inaanzaka ku kona ya dirisha ao ya mlango, inapanda kimshazari kama ngazi, inafuata kiungo kati ya matofali, mara mingi unaona mbili zinakatana kama X. Sababu ukuta inasukumwa huku, inarudishwa huku, kama mutu anayekataza kwa kichwa.

Ile yako unasema inatoka chini mpaka juu? Nyoofu? Basi weka timazi. Kama uzi ya timazi na ufa vinashuka pamoja, hiyo haikuwa tetemeko. Hizo ni nyumba mbili zilizosimamishwa bega kwa bega bila kushikana mikono. Fundi wa pili hakutoboa meno ndani ya ukuta wa kwanza ili aingize matofali yake, alijenga pembeni tu, akapiga lipu juu, kila mutu akaona ukuta moja. Siku ya tetemeko kila nyumba ikacheza ngoma yake, lipu ikapasuka. Ufa ulikuwako tangu zamani, tetemeko iliuvua nguo tu.

Tena: 2008 ninakumbuka, Jumapili tarehe 3 Februari, asubuhi, watu bako misa. Kitu cha kwanza kuanguka ku nyumba ya namna ile ni shimine, iko ndefu, iko nzito, hakuna kitu kinaishika juu ya paa. Ya kwako iko mzima? Angalia nani aliijenga tena na alitumia nini.

Pima unene ya ukuta pande mbili za ufa. Pima na tofali. Kwaruza udongo ya kati kwa kucha. Kisha rudi hapa.

Wewe Zege na Nondo, etaji juu ya kilima ya Kabare utamupangisha nani, mbuzi?

Mwana_Lushi (Lubumbashi), Jumatatu, saa 4 asubuhi

Napita tu. Kwetu Lubumbashi, mji ulioanza 1910, matofali ya mwanzo yalichomwa kwa udongo wa vichuguu. Mchwa alikuwa ameshauchekecha, mtu anavunja kichuguu, anakanda, anafyatua. Nikiona nyumba ya zamani ya Élisabethville, jina la kale la mji wetu, huwa nasema hii mchwa walianza, watu wakamaliza, na siku hizi mchwa wamerudi kudai.

Huko kwenu udongo ulitoka wapi? Ukipata shimo, umepata nusu ya hadithi.

Tofali_Bichi, Jumatano, saa 1 usiku

Nimerudi toka juu, matope hadi magotini. Papa Shantie, nakuvulia kofia.

Nilifunga timazi kwenye msumari karibu na dari. Uzi ulishuka, ufa ukashuka nao, mita tatu na nusu, tofauti haifiki upana wa kidole. Nikabandua lipu kidogo (zamu, mlinzi wa pale, alinitazama kama mwizi) na ndani hakuna tofali hata moja lililovuka toka upande huu kwenda upande ule. Nyuso mbili zinatazamana. Upande wa sebule, ule uso uliofichika una chokaa nyeupe! Yaani ulikuwa ukuta wa nje, ulipakwa rangi, ulinyeshewa mvua, kabla bawa halijaja kujibandika.

Vipimo: ukuta wa sebule sentimita 46, umeunganishwa kwa udongo, unatoka kwa kucha kabisa. Tofali ni kubwa, sentimita 28, na limepinda. Hakuna mawili yanayolingana. Ukuta wa bawa sentimita 34, saruji, tofali la 22 lililonyooka kama limekatwa kwa kisu. Na barza si ya huyu wala ya yule: nguzo zake ni za zege, na dali yake imelazwa juu ya ukuta wa zamani ambao walitoboa mashimo kuishika. Kwa hiyo ni nyumba tatu. Ya kwanza ni vyumba viwili tu na kuta nene, mtu angeweza kuiita nyumba ya mlinzi. Kisha ikavalishwa uso wa kisasa. Kisha ikaongezwa bawa la kulala, bafu na ofisi.

Shimine: chini ni mawe, juu ya paa ni matofali ya saruji yenye matundu. Nikamuuliza zamu. Akasema mwaka 2008 iliangukia banda, ikaua mbuzi wa jirani, wakamla, na jirani hadi leo anadai.

Mwana Lushi, shimo lipo! Nyuma ya boyeri, sasa wameligeuza bwawa la samaki. Udongo mwekundu mzito, unashika kiatu.

Na kitu kimoja cha mwisho kabla sijalala. Darini, juu ya ile nyumba ya kwanza, ukuta haukupigwa lipu, tofali linaonekana wazi. Nimepitisha tochi taratibu. Moja lina kwato za mbuzi. Mengi yana vidole, vinne upande mmoja na dole gumba upande wa pili, vya mtu aliyelibeba likiwa bichi. Na moja lina unyayo wa mtoto, mguu wa kushoto, urefu wake haufiki kiganja changu. Alipita juu ya matofali yaliyoanikwa. Bila shaka alipigwa.

Ndosho_Kwetu (Goma), Jumatano, saa 1:30 usiku

Sisi Goma hatuna tatizo la kuuliza mwaka. Nyiragongo, volkeno yetu, inatuandikia: kilicho chini ya lava ni cha kabla ya Januari 2002, kilicho juu ni cha baadaye. Kuna barza za wakoloni watu wanatembea juu yake bila kujua, na ukuta wa leo umejengwa kwa lava ileile iliyoangusha ukuta wa jana.

Unyayo huo upige picha nzuri, weka na kipimo pembeni.

Mjukuu_wa_Mpishi, Jumatano, saa 3 usiku

Nimesoma kimya tangu Jumapili. Naomba niseme kuhusu kidirisha.

Babu yangu alikuwa mpishi kwenye shamba la kwinini, mti ambao gome lake ni dawa ya malaria, siyo hilo, lakini upande huohuo. Alituambia kila ofisi ya shamba ilikuwa na kidirisha namna hiyo. Ni cha posho. Jumamosi watu wanapanga mstari kwenye nyasi, karani anaita jina, mkono unaingia, unatoka na chumvi, au samaki wakavu, au pesa zilizokwisha kukatwa kodi. Kidirisha kiliwekwa chini makusudi, chini ya kifua. Mtu mzima sharti ainame ili karani amwone uso. Babu alikuwa akituonyesha, mzee wa miaka themanini na zaidi, anainama mbele ya meza, anaingiza mkono chini ya kitambaa, sisi tunacheka. Baadaye tuliacha kucheka.

Aliingia ndani ya nyumba ile kila siku kwa miaka kumi na tisa, kwa mlango wa jikoni. Barza aliisafisha. Hakuwahi kuikalia.

Tofali, hicho cha kwako kina urefu gani toka chini?

Tofali_Bichi, Jumatano, saa 3:20 usiku

Sentimita 88 toka kwenye nyasi hadi kizingiti. Mimi ni mita 1.74. Nilipoinama kukipima nilidhani ardhi imepanda kwa matope. Haikupanda.

Ubao wa kizingiti umelika katikati, umefanya kama mgongo wa kijiko.

Kalinzi, Alhamisi, saa 11 alfajiri

Na hapo mwaka wa bawa unaanza kujitaja wenyewe.

Bawa lina ofisi, ofisi ina kidirisha: maana yake wafanyakazi walishakuwa wengi. Kahawa peke yake isingejenga hivyo. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Java, na Java ndiyo iliyokuwa ikitoa karibu kwinini yote ya dunia. Majeshi yanapigana kwenye malaria, dawa hakuna. Ghafla kila mwenye miti ya kwinini Kivu akawa mtu wa maana. Mwaka uleule siku za kazi ya lazima kwa wanavijiji wa Kongo zikapandishwa toka 60 hadi 120. Nusu ya msimu wa kulima unamtumikia mtu mwingine, halafu njaa ikija unaambiwa mvivu. Kwa hiyo mimi naliweka bawa hilo baada ya vita, pesa za kwinini zilipotua. Bafu la vigae vyeupe, nakisia?

Barza ya mviringo nayo ina cheti chake cha kuzaliwa. Mtindo huo, Art Déco, umepata jina toka maonyesho ya Paris ya 1925. Haukuruka hadi Kabare kwa miaka mitatu. Bukavu ulishamiri miaka ya 1930 na kuendelea, na mtu wa shambani huiga mjini akishapata senti. Weka mwisho wa miaka ya 1930.

Ile ya vyumba viwili, ya udongo na tofali lililopinda, ndiyo ya mwanzo wa miaka ya 1930, mtu akiwa bado maskini.

Nasubiri cheti.

Mama_wa_Muhumba, Alhamisi, saa 2 asubuhi

Kalinzi, nilikasirika usiku wa Jumapili, nikakuandikia, nikafuta. Wewe Mjukuu umenifunga mdomo. Chai ile kweli tulipewa jikoni, na baba aliinywa amesimama. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakukaa, viti vilikuwapo.

Lakini bado nasema ilikuwa nzuri. Siwezi kuiona mbaya kwa kuwa nimeambiwa. Fundi aliyezungusha ile barza ya Tofali alikuwa mtu wa wapi? Mzungu alichora, sawa. Zege nani alilikoroga?

PapaShantie, Alhamisi, saa 12 jioni

Mama, hapo umesema.

Kupinda dali ya namna ile siyo maneno. Unatengeneza kwanza kitanda ya mbao, mbao nyembamba, unaziloweka, unazipinda moja-moja, unapiga misumari. Nondo unazipinda baridi. Zege unalimwaga siku moja bila kusimama, watu kwa mstari, karai kwa karai, maana ukisimama mahali unapoacha pataachana. Mzungu wa shamba hakujua ile kazi. Mafundi banajifunza ku misioni, kwa mafureri (mabruda) waliokuwa na matanuru ya matofali na vigae, halafu banatembea kilima kwa kilima. Fundi aliyenifundisha mie alifundishwa na mutu wa namna ile. Alikuwa anapima zege kwa sikio: anapiga kwa nyundo, anasema "bado linalala".

Sasa paa, sababu uliuliza paa na watu bamekupeleka Java.

Vigae viko na kilo 40 na kupita kwa mita mraba moja. Bati haifiki 6. Familia inasema nyepesi ni salama, na kwa tetemeko haiko uongo, uzito juu unasukuma ukuta. Lakini ukuta ya udongo ya zamani inasimama pia sababu iko na uzito inaibana. Ukivua vigae, ukaweka bati bila kufunga nondo na zege ku kichwa ya ukuta kuzunguka nyumba yote, upepo ya kileleni itanyanyua bati, na ukuta ya juu italegea. Nimeona mbili namna ile. Moja tulilala ndani.

Fanya hivi. Panda, chukua kigae moja-moja, gonga kwa kifundo ya kidole. Kizima kinalia kama kikombe, kilichopasuka kinasema "bwu". Vizima panga pembeni. Vitatosha nyumba ya kwanza na sebule. Angalia mbao chini, mchwa wanapenda pahali mbao inaingia ndani ya ukuta, toboa kwa bisibisi. Bawa, sababu iko ya saruji na iko peke yake, weka manjanja kama pesa ni kidogo, hakuna ubaya. Na ule ufa usiujaze saruji! Mukijaza munafunga watu wawili wasiopatana kwa kamba moja. Funika kwa ubao, acha kila nyumba ipumue yake.

Tofali_Bichi, Jumapili, saa 10 jioni

Cheti kimepatikana. Kaeni.

Jana nilikaa na mwenye nyumba mjini, akatoa bahasha ya ngozi. Ndani kuna karatasi za baba yake, aliyepewa shamba baada ya tangazo la Mobutu la 30 Novemba 1973, pale mali za wageni zilipogawiwa Wazaire. Alipewa na ng'ombe, na lori bovu, na redio. Kwinini ilimshinda ndani ya miaka miwili, hilo alilisema mwenyewe mwanawe bila aibu: baba alikuwa mwalimu, alijua Kifaransa, hakujua gome la mti linavunwaje. Vigae vilivyovunjika havikuwahi kubadilishwa tangu hapo.

Halafu cheti chenyewe. Mahali pa namba ya shamba pameandikwa kwa mashine ya kuandikia: S.R. 1928.

Section Rurale, sehemu ya vijijini. Namba ya kadastre! Lile jiwe la getini ni jiwe la mpaka. Zile herufi zilizoliwa na mvua ni S na R.

Mwenye nyumba alitazama, akavua miwani, akatazama tena. Miaka arobaini na zaidi wanawaambia wageni nyumba ni ya 1928. Kuna hata kalenda ya harusi ya dada yake imeandikwa hivyo.

Kalinzi, Jumapili, saa 10:05 jioni

😂😂😂

Nimecheka hadi watoto wamekuja kuangalia.

Mwana_Lushi, Jumapili, saa 10:20 jioni

Kwa hiyo ilibaki kidogo msherehekee miaka mia ya namba ya kadastre mwaka 2028.

Mjukuu_wa_Mpishi, Jumapili, saa 11 jioni

Na paa?

Tofali_Bichi, Jumapili, saa 1 usiku

Paa tumekubaliana, nusu kwa nusu kama Papa alivyosema. Nimegonga vigae 640 hadi sasa, kifundo kimevimba. Vizima ni 411. Mchwa wamekula ncha za mbao sita upande wa mvua. Jumamosi Papa Shantie anapanda na vijana wawili, nauli nimeshamtumia.

Kidirisha mwenye nyumba alitaka kizibwe, anasema kinaingiza baridi ofisini. Zamu akakataa kabla sijafungua mdomo. Kumbe mke wake anauzia hapo: sabuni, chumvi, unite za simu, ndizi zikiwapo. Ameweka jiwe kubwa bapa nje, chini ya kizingiti, siyo la kusimamia, la kukalia. Wateja wanakaa, wanaongea naye uso kwa uso, wanakaa sana hata. Nilikaa pia. Nikanunua sabuni, nikakosa chenji, akaniandika deni.